Linamisi Barabarani, Linapona Gereji

Ukishaipita Ruaha Mbuyuni na wauza vitunguu wake, barabara inaanza kupanda Kitonga. Malori yanajikongoja kwa gia ya chini, na wewe mwenye kigari cha silinda nne unavizia upenyo wa kuyapita. Nilipoupata wangu nikakanyaga mafuta, gari likakohoa. Halikuzima. Lilivuta, likakata, likavuta tena, kama mtu anayesimulia habari huku ameshikwa na kwikwi. Nikarudi nyuma ya lori nikiwa nimelowa jasho. Ilula nikasimama, nikanywa chai, nikanunua nyanya. Nilipowasha tena, injini ilikuwa imetulia tuli kama maji ya mtungini.

Miezi minne iliyofuata nilikuwa mgeni wa gereji, na kila nikifika gari linakuwa na adabu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili aliniuzia pampu ya mafuta. Wa tatu aliosha throto na nozeli, akaniambia sasa imekwisha. Haikuisha. Wa nne hakufungua hata boneti. Alinisogezea kiti cha plastiki, akaanza kuuliza. Inaanza baada ya kutembea muda gani? Mlimani tu au hata tambarare? AC inakuwa imewashwa? Mvua ikinyesha je? Tangi linakuwa limejaa au linaelekea mwisho? Nikajikuta sina jibu la uhakika hata moja. Akanituma nikanunue daftari la shule, niandike kwa wiki mbili, halafu nirudi.

Misi inayokuja na kuondoka ndiyo ugonjwa wa gari unaotibiwa zaidi kwa maneno kuliko kwa vipimo. Mengi ya maneno hayo si uongo mtupu. Yalikuwa kweli zamani, kwenye gari jingine. Haya hapa niliyoyasikia mwenyewe, nikiwa kwenye viti vile vya plastiki.

"Gari likitetemeka, linamisi."

Si kweli. Misi maana yake silinda ilitakiwa kuwaka ikakosa, au iliwaka kivivu hata pistoni isisukumwe inavyotakiwa. Ili iwake lazima vitu vitatu vikutane kwa wakati wake: hewa na petroli kwa kipimo, mgandamizo, na cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, injini nzima mara 100. Safari ya saa moja kwa mzunguko huo ni miwako 360,000. Ukikosekana mmoja tu katika kila mia, utasikia pigo kila sekunde na utaapa kwamba gari ni bovu, wakati sehemu 99 za kazi zimefanyika sawasawa. Hapo ndipo ugumu ulipo: kifaa unachokitafuta ni kizima karibu muda wote.

Mitetemo mingine ina wazazi wengine. Raba za kushikia injini zikichoka, gari hutikisika ukiwa umesimama kwenye taa na gia ikiwa D, ukiweka N linatulia. Gia boksi ya otomatiki inaweza kutoa mtetemo wa sekunde chache ukiwa kwenye mwendo wa kati, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, na watu wengi wameshanunua koili kwa sababu yake. Tairi lisilobalansiwa hufuata spidi ya gari, halijali injini inazunguka mara ngapi.

"Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo hakuna misi."

Si kweli. Kompyuta ya gari haina jicho ndani ya silinda. Inachofanya ni kuupima mzunguko wa krenki kwa sensa. Kila silinda inapowaka krenki inapata msukumo, na isipowaka krenki inazubaa kidogo. Kompyuta inahesabu mizubao hiyo. Utaratibu wa OBD-II, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, una madaftari mawili ya hesabu: mizunguko 200 kwa misi kali inayoweza kuunguza kataliti, na mizunguko 1,000 kwa misi ndogo inayochafua moshi tu. Hiyo ndogo kwa kawaida haiwashi taa siku ya kwanza. Kompyuta inasubiri ijirudie safari nyingine, tena kwenye hali inayofanana: mzunguko ule ule, mzigo ule ule, joto lile lile. Sasa mimi Kitonga sipandi kila siku.

Lipo jingine linalotuhusu sisi wa barabara za makorongo. Mashimo yanayapiga magurudumu, magurudumu yanarudisha kishindo hadi kwenye krenki, na kompyuta inaweza kudhani silinda imekosa. Ili isidanganyike, magari mengi yamefundishwa kuitambua barabara mbovu na kuacha kuhesabu kwa muda. Kuna vijiji ambako gari lako linaweza kumisi kutwa nzima bila shahidi.

"Mashine imesoma P0302, basi koili ya silinda ya pili imekufa."

Si kweli, na ningeweza kuandika makala nzima juu ya hili peke yake, maana ndilo linalokula pesa za watu wengi. Namba P0302 inasema silinda ya pili haikuwaka. Kwa nini haikuwaka, haisemi. Inaweza kuwa koili. Inaweza pia kuwa plagi, nozeli, waya uliochubuka, soketi iliyolegea, valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake, gasketi, au hewa inayovuja jirani na silinda hiyo. Mashine imekuonyesha nyumba yenye msiba, haijakuambia marehemu ni nani.

Daftari langu la wiki mbili lilikuja na haya: haianzi kabla ya dakika arobaini za safari, haiji tambarare, AC inaizidisha, mvua haihusiki, tangi halihusiki. Fundi wa nne alisoma mistari hiyo kama daktari anavyosoma majibu ya maabara. Akachomeka mashine yake, tukatoka Dar es Salaam kuelekea Kisarawe, tukazunguka hadi injini ikapata moto wa kutosha, kisha tukavipanda vilima vya Pugu, AC ikiwa juu. Hakutafuta namba za makosa. Alifungua ukurasa unaoonyesha hesabu ya misi ya kila silinda papo hapo. Silinda ya 1, sifuri. Ya 3, sifuri. Ya 4, sifuri. Ya 2 ikaanza kupanda: tatu, tisa, kumi na saba.

Hapo wengi wangeenda dukani. Yeye aliegesha pembeni, akaacha injini ipoe kidogo, akaihamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 4, na ya 4 kuja ya 2. Hakugusa kitu kingine. Magari mengi ya siku hizi yanaruhusu hilo. Injini ya 1NZ-FE, kwa mfano, ambayo utaikuta kwenye IST na Probox nyingi, ina koili nne za aina moja, kila moja imekaa juu ya plagi yake. Tukarudi kupanda. Safari hii ya 2 ilikaa kwenye sifuri, na ya 4 ikaanza kuhesabu. Ugonjwa ulikuwa umehama na mwenyewe. Waya wa ndani wa koili ile ulikuwa na ufa: ikiwa ya baridi unagusana, ikipata moto unatanuka na kuachana. Ndiyo maana chai ya Ilula iliiponya.

Ugonjwa usingehama, angehamisha plagi, halafu nozeli, na mwisho angepima kompresheni. Kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi kwa mkupuo, hata ukifanikiwa hujui umemkamata nani. Na kuna mtego mwingine: umehamisha koili, misi haikuhama bali imepotea kabisa. Usishangilie. Huenda kitendo cha kuchomoa na kuchomeka soketi ndicho kilichosugua kutu ya pini, na kutu ikirudi misi inarudi nayo. Tikisa waya za pale injini ikiwa inanguruma, ukiangalia mikono yako isikaribie feni na mikanda, uone kama inabadilika.

Namba zikija kwa makundi zinasema zaidi. P0302 na P0303 kwa pamoja ni majirani wawili wanaotenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo mtazame gasketi ya silinda hedi. P0301 na P0304 kwa pamoja, kwenye yale magari ambayo silinda ya kwanza na ya nne zinashiriki koili moja, ni koili hiyo au waya zake. P0300, ile inayorukaruka haina makazi, inakutuma kwenye vitu vinavyozihudumia silinda zote: presha ya mafuta, hewa inayovuja, taimingi, sensa ya krenki.

"Anza na plagi."

Nusu kweli. Ni rahisi kuzitoa, na zikitoka zinaongea. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu ni petroli iliyozidi au cheche dhaifu. Nyeusi yenye utelezi ni oili inayoingia kwenye silinda. Moja ikiwa nyeupe na safi kuliko wenzake kana kwamba imeoshwa, huenda kweli imeoshwa, kwa maji ya rejeta. Habari ya maji hayo inafuata. Fundi anayezitupa plagi za zamani kwenye ndoo kabla hamjaziangalia wote wawili, amewatupa mashahidi wanne.

Plagi pia ndiyo inayoeleza kwa nini misi hupenda milima. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na kubanwa zaidi, na cheche hupata taabu kuruka katika hewa iliyobanwa. Koili inalazimika kupandisha volti, maelfu kwa makumi ya maelfu. Plagi iliyochoka ina upenyo uliopanuka kwa kulika: ilianza na milimita 1.1, sasa ni zaidi, na volti zinazohitajika zinapanda nayo. Umeme nao, kama maji, hutafuta pa kupenyea kwa urahisi. Ukikuta raba ya koili imepasuka, au ile kauri nyeupe ya plagi ina ufa, unapitia hapo hadi kwenye chuma, na silinda inabaki gizani.

Njia hiyo ya wizi huacha alama. Tazama kauri ya plagi kwenye mwanga: mstari mwembamba mweusi unaopanda kutoka chini kwenda juu, kama umechorwa kwa penseli, ni nyayo za umeme. Na ukiuona hapo, geuza raba ya koili uitazame ndani, utakuta mwenzake. Ukibadilisha plagi ukaiacha raba ile, plagi mpya itachorwa mstari huo huo baada ya muda mfupi, na wewe utasema plagi za siku hizi hazidumu.

Nusu isiyo kweli ni kudhani kwamba plagi mpya ni plagi nzuri. Plagi za kawaida za nikeli huenda kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Bandia zimejaa. Ncha ya iridiamu halisi ni nyembamba kama sindano, haifiki milimita moja, na imechomelewa kwa usafi. Ukiona nene na imekaa upande, rudisha. Mashimo ya plagi nayo yachungulie kwa tochi kabla ya kufunga. Kama yana oili, sili za mfuniko wa valvu zimechoka, na oili hiyo inazilainisha raba za koili hadi zinavimba.

"Inamisi asubuhi tu, ni baridi."

Si kweli. Kauli hii ni ya enzi ya kabureta, pale mtu wa Njombe au Limuru alipokuwa akivuta choki na kuomba Mungu. Gari la nozeli linajiongezea mafuta lenyewe kwa kusoma joto la maji, na linatakiwa liwake na kutulia hata kwenye ukungu.

Misi ya nusu dakika alfajiri, kisha inaisha siku nzima, inanitisha kuliko ile ya Kitonga. Ukizima injini ya moto, maji ya rejeta hubaki na presha. Gasketi ikiwa na ufa mdogo, presha hiyo inayasukuma maji polepole hadi ndani ya silinda mojawapo usiku kucha. Asubuhi unawasha, silinda hiyo ina plagi iliyolowa, inakohoa, inatoa moshi mweupe mzito, inajikausha, inaungana na wenzake. Ukifika gereji saa nne, kila kitu ni kizuri. Wenye magari haya nawajua kwa dalili nyingine: wana chupa ya maji kwenye buti na wanaongeza kidogo kila Jumapili, "kidogo tu".

Vipimo viko. Fundi anafunga pampu ya presha kwenye rejeta jioni, anaiacha, asubuhi anatoa plagi na kuizungusha injini kwa stata aone kama kuna silinda itakayotema maji. Kuna pia kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: moshi wa injini ukiwa umeingia kwenye maji, dawa inageuka njano. Vyote viwili ni nafuu kuliko hedi iliyopinda. Na rejeta ya moto haifunguliwi, hata fundi akiwa na haraka.

Nozeli inayodondosha petroli usiku kucha inaweza kuleta dalili zinazofanana, ila huko maji hayapungui, na harufu ni ya petroli.

"Ni mafuta ya sheli ile."

Mara chache. Uchakachuaji si hadithi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA kwa sababu hiyo, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya. Lakini mafuta mabaya huzipiga silinda zote. Hayawezi kuichagua ya pili yakaziacha tatu. Ukiona misi ina makazi ya kudumu, iache sheli ya watu.

Ninachokubali ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, na mwenye tabia ya kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka ndiye anayelinywesha gari lake maji hayo, hasa mlimani pale petroli inapoegemea upande mmoja. Kuhusu kununua petroli ya oktani ya juu kama dawa ya misi: oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia yenyewe. Haiipi koili nguvu.

"Mashine inasema mafuta hayatoshi, nunua pampu."

Si kweli, na hapa ndipo fundi wangu wa pili aliponipata. Mashine yake ilitoa P0171, namba inayosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Akasema pampu imechoka. Nikalipa.

Sensa inayotoa taarifa hiyo iko kwenye bomba la moshi, na haipimi petroli hata kidogo. Inapima oksijeni. Silinda isipowaka, oksijeni yake inatoka kama ilivyoingia, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Sensa inaona oksijeni nyingi, inalia kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inatii na kuzimwagia silinda zote mafuta zaidi. Namba ile ilikuwa mtoto wa misi, sisi tukaichukua kuwa mama.

Ukitaka kutenganisha, ziangalie asilimia za marekebisho ya mafuta zinazoonekana kwenye mashine. Zikiwa juu gari likiwa sailensi, halijakanyagwa, kisha zikashuka ukishikilia mizunguko 2,500, tafuta vipaipu vya hewa vilivyopasuka na gasketi ya manifoldi. Zikiwa nzuri kwenye sailensi na kupanda ukivuta mzigo, hapo sasa mzungumzie pampu na filta, na hata hapo mpime presha kwa geji kabla ya kutoa pochi.

"Chomoa waya wa plagi mmoja mmoja, usikilize."

Ilikuwa kweli. Kwenye gari la distributa na waya nene, ukichomoa waya wa silinda nzima injini inadhoofika, ukichomoa wa silinda mgonjwa haibadiliki. Wazee walikuwa wanamkamata mwizi kwa dakika mbili. Kwenye mifumo ya leo, umeme ukikosa plagi ya kwenda unaweza kuiumiza koili au kontroli boksi, na unaweza kukupitia wewe. Chomoa soketi ya nozeli badala yake. Silinda inanyamaza vile vile, na hakuna petroli mbichi inayokwenda kwenye bomba la moshi.

"Chomoa betri dakika kumi, litapona."

Si kweli. Ukichomoa betri unaifutia kompyuta kumbukumbu. Pamoja na namba ya kosa, kompyuta huhifadhi picha ya tukio: injini ilikuwa inazunguka mara ngapi, joto la maji, mzigo, spidi. Kwa misi inayokuja na kuondoka, picha hiyo ni dhahabu, na watu huifuta uani kwa spana namba kumi kabla fundi hajaiona.

"Tangu waoshe injini kwa presha, linamisi."

Kweli. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi na soketi. Toa koili, puliza hewa, acha zikauke. Mara nyingi inaishia hapo, isipokuwa raba zilikuwa zimeshachoka.

"Nimefunga gesi, ndiyo imeleta misi."

Nusu kweli. Madereva wengi wa Dar es Salaam wamehamia gesi asilia kwa sababu ya bei, na malalamiko haya nayasikia kila kukicha. Gesi inahitaji volti kubwa zaidi ili cheche ipite. Koili na plagi zilizokuwa zikijitahidi kwenye petroli zinashindwa kwenye gesi, kama mzee aliyekuwa akitembea vizuri mpaka alipoambiwa akimbie. Kwa hiyo gesi mara nyingi imefichua ugonjwa, haikuuleta. Wafungaji wengi hupunguza upenyo wa plagi kidogo kwa sababu hiyo.

Uzuri wa gari la gesi ni kwamba lina swichi. Likimisi, rudisha kwenye petroli papo hapo, mlimani hapo hapo. Likiendelea vile vile, waache wafungaji wa gesi. Likitulia, anza na plagi na koili, halafu presha ya regyuleta na filta za gesi, halafu nozeli za gesi.

"Misi ndogo unaivumilia tu."

Inategemea taa. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Ikikonyeza, yaani inawaka na kuzima, kompyuta imeona misi ya kiwango cha kuunguza kataliti. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia ndani ya sega la kauri la kataliti, joto linapanda kupita lililokusudiwa, na sega linaweza kuyeyuka na kuziba. Toa mguu kwenye mafuta, na ukiweza simama.

Najua wapo wanaosema kataliti zao zilishatolewa na kuuzwa siku nyingi, hawana cha kuunguza. Wachomoe kijiti cha oili wakinuse. Petroli ya silinda isiyowaka inashuka kwenye kuta zake, inaosha oili iliyokuwa inazilinda, inaishia kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi, na kiwango chake kinaweza hata kupanda, jambo linalowafurahisha wasiojua.

"Badilisha kila kitu, utalala usingizi."

Si kweli. Nilishabadilisha. Koili moja halisi, iliyomaliza yote, ilikuwa bei ya chini kuliko pampu niliyouziwa. Ile mbovu ninayo mezani hapa ninapoandikia. Kwa macho haina kasoro, na nimewaonyesha watu watatu ambao wote waliniambia bado ni nzima, nisiitupe. Daftari liko kwenye dashibodi na ukurasa wake wa mwisho unasema: "Kitonga, saa saba mchana, AC juu, watu wanne, hakuna kitu." Pampu yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, niliiacha kwenye kaunta ya gereji ile. Sijui sasa inasukuma mafuta kwenye gari la nani.